Vidonge vya Kisukari cha Aina ya Pili: Jinsi ya Kuvimeza Bila Kujidhuru

Ukipewa vidonge vya kisukari, usiishie kuuliza "nimeze mara ngapi". Muulize anayekupa dawa: nikimeza halafu nisile, itakuwaje? Jibu lake ndilo litakaloamua ufanye nini ukisahau dozi, ukifunga, ukiharisha, ukialikwa harusini chakula kikachelewa, au ukiishiwa na dawa katikati ya mwezi.

Majina ya dawa tumeyaacha kama yanavyochapishwa kwenye pakiti, ili uyalinganishe na yako herufi kwa herufi.

Hatua ya kwanza: jua kidonge chako ni cha kundi gani

Mwaga dawa zako zote mezani. Kwenye kila pakiti soma jina dogo, si lile kubwa la kibiashara. Jina kubwa hubadilika kila kiwanda kinapobadilika, na hapo ndipo mtu hujikuta anameza dawa moja mara mbili akidhani ni mbili tofauti.

Kundi la kwanza ni glibenclamide, gliclazide na glimepiride. Hizi huisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari, na huisukuma uwe umekula au hujala. Hazisubiri chakula. Ukizimeza tumbo likabaki tupu, sukari itashuka hadi mwili utetemeke, na ikizidi utapoteza fahamu.

Kundi la pili ni metformin, sitagliptin, vildagliptin, empagliflozin, dapagliflozin na pioglitazone. Kila moja ina njia yake, lakini zikitumika bila za kundi la kwanza wala insulini, ni nadra sana kushusha sukari kupita kiasi. Hatari zake ni za namna nyingine, tutazifikia.

Kuna pia vidonge vya mchanganyiko, dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, kwa mfano metformin 500 mg na glibenclamide 5 mg. Ikiwa ndani yake mna dawa hata moja ya kundi la kwanza, kihesabu kuwa cha kundi la kwanza. Na ukipewa kidonge cha namna hiyo, uliza papo hapo kama ile metformin ya zamani iliyobaki nyumbani uiache. Mara nyingi jibu ni ndiyo, ila hakuna aliyekuambia.

Hatua ya pili: soma maelekezo vizuri

Kwenye bahasha ya dawa, namba ya kwanza kwa kawaida ni idadi ya vidonge na ya pili ni mara kwa siku. 1x2 ni kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. 2x1 ni viwili kwa mpigo mara moja. Jumla ni ileile, lakini kwa dawa ya kundi la kwanza kumeza viwili pamoja badala ya kuvigawa kunatosha kukuangusha. Kama bahasha haieleweki, usiondoke dirishani.

Ukiweka kengele kwenye simu, kumbuka simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa 2 asubuhi yetu simu inaiandika 8:00, na saa 1 jioni inaiandika 19:00. Kijana anayemwekea bibi yake kengele ya 2:00 anamwamsha saa 8 usiku, na bibi mtiifu ataamka ameze.

Funga dawa na mlo, si na saa tupu. Chai ya asubuhi na chakula cha jioni ndivyo vigingi vizuri. Weka kisanduku cha dawa karibu na mahali pa chai kuliko kabatini chumbani, ila mbali na moto, mvuke na mkono wa mtoto.

Metformin: anza taratibu, tumbo lizoee

Hii ndiyo wengi huanza nayo. Inalipunguza ini kasi ya kumwaga sukari kwenye damu, na inausaidia mwili uitumie insulini yake vizuri zaidi. Huwa inaanza kwa 500 mg mara moja au mbili kwa siku, kisha inaongezwa 500 mg kila baada ya wiki moja au mbili hadi kiwango alichokupangia daktari. Kwa watu wengi kilele ni 2000 mg kwa siku, ikigawanywa mara mbili.

Meza katikati ya mlo au mara tu baada ya tonge la mwisho, kwa glasi nzima ya maji. Kuimeza tumbo likiwa tupu huzidisha kichefuchefu na kuharisha. Kikombe cha chai ya rangi peke yake si mlo. Tafuta angalau viazi, uji mzito wa dona au mkate wa ngano isiyokobolewa. Tumbo likikusumbua wiki mbili za kwanza, mara nyingi litatulia lenyewe. Lisipotulia, usiitupe dawa: rudi kwenye dozi ya chini uliyoimudu, mjulishe daktari, na uulize kuhusu metformin inayoyeyuka polepole, ile yenye XR au SR kwenye jina. Hiyo haikatwi, haisagwi, haitafunwi. Usishtuke ukiona kitu kama ganda la kidonge chooni; dawa imeshatoka ndani, limebaki gamba.

Kuna maneno mtaani kwamba metformin "inaua figo". Figo huharibiwa na sukari na presha zilizoachwa juu miaka mingi. Ukweli uliojificha ndani ya uvumi huo ni kwamba metformin hutoka mwilini kupitia figo, hivyo figo zikidhoofika dawa hujazana na damu inaweza kujaa tindikali, jambo linaloua. Ndiyo maana unapimwa kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, na kutokana nayo hukokotolewa uwezo wa figo unaoitwa eGFR. Ukiwa chini ya 45, dozi hupunguzwa, kwa kawaida isizidi 1000 mg kwa siku. Chini ya 30, metformin inaachwa. Omba kipimo hiki angalau mara moja kwa mwaka, na uandike namba kwenye kadi yako.

Ukiitumia miaka mingi, inaweza kupunguza vitamini B12. Ganzi na kuchomachoma miguuni huenda ikawa ni kisukari chenyewe, lakini huenda ni upungufu huo, na huo unatibika. Uliza upimwe.

Kundi la kwanza: usimeze bila kuona sahani

Sheria ni fupi: chakula kiwe tayari mezani ndipo umeze. Glibenclamide, glimepiride na gliclazide ya kawaida humezwa mlo unapoanza au dakika chache kabla. Gliclazide ya kuyeyuka polepole, yenye MR, humezwa mara moja pamoja na kifungua kinywa. Usimeze mapema halafu uende kusubiri daladala ukitumaini kula kazini.

Angalia mtego huu wa gliclazide. Kidonge cha kawaida ni 80 mg. Cha MR ni 30 au 60 mg. MR ya 30 mg nguvu yake inalingana takriban na ile ya kawaida ya 80 mg. Basi mtu aliyekuwa akimeza ya kawaida ya 80 mg, akipewa MR na kuambiwa na jirani "meza mbili na nusu zikaribie 80", amemeza zaidi ya mara mbili ya dozi yake. Duka likikupa aina tofauti na uliyozoea, mfamasia ndiye akuandikie dozi mpya, si hesabu ya milligramu.

Kwa wenye umri zaidi ya miaka 60, Shirika la Afya Duniani linasema glibenclamide haifai, kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu na kushusha sukari kwa saa nyingi. Kama mzee wako bado anaitumia, usimwachishe ghafla, ila mpeleke kliniki ukauliza kuhusu gliclazide.

Sukari ikishuka

Kushuka ni chini ya 3.9 mmol/L, yaani 70 mg/dL (mashine nyingine huonyesha namba kubwa, zidisha mmol kwa 18 kupata hizo). Dalili: jasho la ghafla, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, hasira isiyo na sababu, kuongea ovyo. Watu wameshawahi kudhaniwa wamelewa, wakaachwa walale. Huna mashine karibu? Tibu kwanza, pima baadaye.

1. Kula gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya ml 300, au kijiko kimoja cha chakula cha asali. Soda isiwe ile isiyo na sukari. Chokoleti, maziwa na ugali hupanda polepole mno, si vya dakika hii.
2. Subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini ya 3.9? Rudia.
3. Ikishapanda, kula kitu cha kukaa tumboni: ndizi na karanga, au kipande cha chapati.
4. Akiwa amezimia au hawezi kumeza, usimtie chochote mdomoni, hata asali kwenye fizi ukiona anakoroma au anatapika. Mlaze ubavu, muwahishe hospitali apewe glukozi ya mshipa.

Jambo linalosahaulika zaidi ya yote: kama kushuka huko kumeletwa na dawa ya kundi la kwanza, sukari inaweza kupanda kwa soda kisha ikashuka tena saa chache baadaye, kwa kuwa dawa bado inafanya kazi. Usimwache mgonjwa alale peke yake usiku huo. Akizimia hata mara moja, apelekwe hospitali hata kama ameshazinduka. Huenda wakamlaza hadi siku inayofuata, na wana sababu. Akikaa nyumbani, apimwe kila baada ya saa mbili tatu, na usiku pia.

Zile nyingine za kundi la pili

Sitagliptin na vildagliptin ni za upole na unaweza kuzimeza na chakula au bila chakula. Dozi ya kawaida ya sitagliptin ni 100 mg mara moja. Ya vildagliptin, 50 mg mara mbili. Figo zikidhoofika dozi hupunguzwa. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni ni sababu ya kuacha na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Empagliflozin na dapagliflozin zinahitaji maelezo marefu kidogo. Hutoa sukari kupitia mkojo, zinasaidia pia moyo na figo, na zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2021. Utakojoa zaidi, kwa hiyo kunywa maji ya kutosha, hasa kwenye joto la pwani. Sukari ikipita sehemu za siri huwalisha fangasi: jioshe kwa maji, jikaushe, na ukiwashwa sema mapema badala ya kuona haya. Kipimo cha mkojo kitaonyesha sukari hata ukiwa unaendelea vizuri, hivyo usikitumie kujihukumu. Hatari yake kubwa ni tindikali ya damu inayoweza kuja huku mashine ikionyesha sukari ya wastani: kichefuchefu, tumbo kuuma, pumzi nzito za haraka. Ukiziona, acha dawa, nenda hospitali, na useme wazi unatumia dawa gani, maana daktari akiona sukari ya 10 anaweza asiwaze tindikali. Kwa sababu hiyohiyo huachwa siku 3 kabla ya upasuaji wa kupangwa.

Pioglitazone hujaza maji mwilini. Miguu ikivimba, uzito ukipanda ghafla au pumzi zikikata ukilala chali, rudi kliniki. Mwenye moyo ulioshindwa kazi hapaswi kuitumia.

Ukisahau dozi

Metformin: ukikumbuka muda mfupi baada ya mlo, meza. Mlo unaofuata ukiwa umekaribia, iache ile iliyopita. Kundi la kwanza: mlo wake ukishapita, dozi hiyo imekwenda, subiri mlo wa dozi inayofuata. Kumeza glibenclamide ya asubuhi saa 4 usiku kabla ya kulala ni kujiwekea mtego. Hakuna dawa hata moja kati ya hizi unayopaswa kuimeza mara mbili ili kufidia.

Kuna na ule mtindo wa kuacha wiki mbili, kisha kumeza kwa bidii siku tatu kabla ya kliniki ili mashine isome vizuri. Kipimo cha HbA1c hakidanganyiki hivyo: kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3. Daktari akiona sukari ya asubuhi nzuri na HbA1c ya 10 anajua kilichotokea. Mwambie tu ukweli, hata kama ukweli ni kwamba hela haikutosha. Kuna dawa za bei nafuu anazoweza kukubadilishia.

Ukiugua, ukitapika au kuharisha

Mwili ukikosa maji, figo hupunguza kazi. Hapo acha kwa muda metformin, empagliflozin na dapagliflozin, na uzirudie ukiwa umekula na kunywa kawaida kwa saa 24 hadi 48. Dawa za kundi la kwanza: kama huli, usimeze, piga simu au nenda kituo cha afya upangiwe. Pima sukari kila baada ya saa 4 kama vijiti vya mashine vipo, kwa kuwa homa inaweza kuipandisha hata bila chakula. Ikizidi 16.7 mmol/L mara mbili mfululizo, au ukishindwa kubakisha hata maji tumboni, nenda hospitali. Kama unameza pia dawa za presha, za kutoa maji hasa, uliza kama nazo zisimame.

Mfungo wa Ramadhani

Nenda kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, si siku ya pili ya mfungo. Kwa kawaida mipango huwa hivi: metformin ya mara moja humezwa futari, ya mara mbili, futari na daku, ya mara tatu, dozi ya mchana huunganishwa na ya futari na moja hubaki ya daku. Gliclazide ya mara moja huhamia futari. Ikiwa ni mara mbili, ya daku hupunguzwa na daktari, kwa kuwa ndiyo itakayokukuta saa 9 alasiri na tumbo tupu. Glibenclamide ndiyo mbaya zaidi kwa kufunga, omba kubadilishiwa.

Daku iliwe mwisho kabisa wa muda wake. Kuchoma kidole kupima sukari hakuvunji funga. Vunja funga sukari ikiwa chini ya 3.9 au ikipita 16.6, hata kama imebaki nusu saa kabla ya adhana ya magharibi.

Dawa nyingine na vinywaji

Waambie wote wanaokuandikia dawa kwamba unatumia vidonge vya kisukari. Baadhi ya migongano ni ya kila siku kwetu. Co-trimoxazole, fluconazole na kwinini zinaweza kushusha sukari zikikutana na kundi la kwanza. Ciprofloxacin huweza kuishusha au kuipandisha. Prednisolone huipandisha sana. Rifampicin ya kifua kikuu hupunguza nguvu za kundi la kwanza. Dolutegravir, iliyo ndani ya kidonge cha ARV kinachotolewa na wengi, huongeza metformin kwenye damu, hivyo metformin hupunguzwa, kwa kawaida isizidi 1000 mg kwa siku. Usiache ARV, anayerekebishwa ni metformin. Propranolol na atenolol huficha mapigo ya moyo na kutetemeka sukari inaposhuka. Jasho ndilo hubaki kama onyo. Diclofenac ya kununua dukani kila mgongo unapouma inaumiza figo, na figo tumeshaona zinabeba nini.

Mlonge, karela na unga wa mbegu mbalimbali: vingine kweli hushusha sukari, na hapo ndipo tatizo, kwa kuwa hakuna anayejua kijiko chako kina nguvu kiasi gani leo. Tahadhari zaidi na "dawa ya asili" iliyofungashwa na inayofanya maajabu ndani ya siku mbili. Katika nchi mbalimbali zimewahi kukutwa na glibenclamide iliyosagwa ndani. Pombe bila chakula huzuia ini kutoa sukari, na ukiwa na dawa ya kundi la kwanza mwilini, kushuka kunaweza kuja usiku wa manane.

Ukitarajia kupigwa picha ya CT yenye dawa ya kuchomwa mshipani, taja metformin. Ukiwa mjamzito au ukipanga kuwa, nenda kliniki mapema. Dawa nyingi kati ya hizi hubadilishwa, mara nyingi kuwa insulini.

Kupima kwa vijiti vichache

Vijiti ni ghali, basi vitumie vizuri. Ukiwa na vinne kwa wiki: viwili asubuhi kabla ya kula, kimoja saa mbili baada ya mlo mkubwa, kimoja kibaki cha dharura. Lengo la watu wazima wengi ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, chini ya 10 baada ya kula, na HbA1c chini ya asilimia 7. Wazee na wenye magonjwa mengine huwekewa lengo la juu zaidi. Nawa mikono kwa sabuni na ukaushe. Kidole kilichomenya embe kinaweza kukuonyesha 18 usiyokuwa nayo, ukaongeza dozi bure. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole, panauma kidogo kuliko katikati.

Kuhifadhi

Vidonge viwe chini ya nyuzijoto 30, mahali pakavu, ndani ya karatasi yake hadi dakika ya kumeza. Kuvimwagia vyote kwenye kichupa hasa sehemu zenye unyevu huviharibu, na jina na tarehe ya mwisho hubaki kwenye karatasi uliyoitupa. Dashibodi ya gari si mahali. Unaposafiri, vikae kwenye mkoba unaoshika mkononi, pamoja na pipi au sukari, na karatasi yenye majina ya dawa, dozi na namba ya simu ya ndugu. Nunua upya ukiwa umebakiza vya siku 7.

Kama kuna watoto nyumbani, funga kabati. Kidonge kimoja cha glibenclamide, glimepiride au gliclazide kinaweza kumuua mtoto mdogo, na sukari yake inaweza kuanza kushuka saa kadhaa baadaye akiwa bado anacheza. Ukikosa kidonge na kumkuta mtoto na karatasi mkononi, mpe kitu chenye sukari njiani na mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na pakiti uichukue.